Uzi: Nina miaka 41, nimepimwa miezi minane, mume wangu hakupimwa hata siku moja

Jirani wa Buruburu

Hamjambo nyote. Niliolewa nikiwa na miaka 38, wakati shangazi zangu walikuwa wamekwisha choka kuniuliza na wamehamishia maswali yao kwa wadogo zangu, na mwaka huu nimetimiza 41. Mume wangu ana miaka 47, naye ana binti wa kidato cha tatu aliyempata katika ndoa yake ya kwanza. Ninamtaja binti huyo mapema kwa sababu, bila kosa lake lolote, yeye ndiye aliyefanya tupoteze miezi minane ambayo katika umri wangu haifidiki kirahisi.

Mwaka wa kwanza wa ndoa tulijiachia tu, tukisema Mungu akileta atakuwa ameleta. Mwaka wa pili nilianza kuandika tarehe kwenye kalenda ya jikoni. Daktari wa kliniki ya mtaani niliyemwendea alinishauri nijaribu mwaka mzima kabla ya kurudi, ushauri ambao unamfaa kabisa mke wa miaka 28, lakini baadaye nilikuja kuelezwa kwamba aliyevuka 35 hatakiwi kusubiri zaidi ya miezi sita, na aliyefika 40 anapaswa kuanza kuchunguzwa mara tu anapoamua kwamba anataka mtoto. Basi nilipopanda ngazi za jengo la madaktari kule Upper Hill nilikuwa nimekwisha chelewa mara mbili, mara moja kwa maisha na mara ya pili kwa ushauri.

Vipimo vikaanza. Siku ya tatu ya hedhi nilitolewa damu ili ipimwe homoni inayoamsha mayai, ile ambayo makaratasi ya maabara huiita FSH, pamoja na estrojeni. Siku hiyohiyo wakaongeza homoni za tezi ya thairoidi iliyo shingoni na prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, ambazo zikivurugika huweza kulizuia yai lisipevuke hata kama mengine yote yako sawa. Siku ya 21 nilirudishwa kupimwa projesteroni ili ijulikane kama yai lilitoka. Majibu yalikuwa ya chini, nikaambiwa sipevushi mayai, nikapewa vidonge vya kuyapevusha, nami nikavimeza kwa miezi mitatu. Hakuna aliyeniuliza mzunguko wangu una siku ngapi. Una siku 31. Kipimo hicho hufanywa takribani siku saba kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo siku ya 21 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Mimi nilipaswa kwenda siku ya 24, na nilipokwenda siku hiyo kwa daktari mwingine, majibu yalionyesha kwamba yai lilikuwa limetoka kama kawaida.

Ikafuata picha ya mirija ya uzazi, ambayo wanawake huogopeshana sana. Hufanywa baada ya damu kukauka na kabla yai halijatoka. Dawa ya rangi hupitishwa kwenye mlango wa kizazi huku mashine ya eksirei ikitazama kama itamwagika upande wa pili wa mirija. Kwangu maumivu yalikuwa makali kwa dakika mbili hivi, mfano wa hedhi mbaya kuliko zote nilizowahi kupata, kisha yakapungua. Nilikuwa nimemeza dawa ya maumivu saa moja kabla, na ninamshukuru sana mwanamke aliyenishauri hivyo kwenye foleni, kwa sababu hospitali yenyewe haikunishauri. Mrija wa kulia ulionekana wazi. Wa kushoto rangi iliishia mdomoni, karibu na kizazi.

Halafu ikaja AMH. Hii ni homoni inayotoka kwenye vifuko vichanga vya mayai, nayo hupimwa kwa damu siku yoyote ya mzunguko. Yangu ilikuwa 0.8. Daktari wa kliniki ile, ambayo sitaitaja, aliitazama karatasi kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuchagua nyanya, akaniambia mayai yangu yamekwisha na kwamba tuanze kuzungumzia yai la mwanamke mwingine. Nilipanda matatu za 58 nikiwa nimefunika uso kwa leso, na kondakta, Mungu ambariki, hakunidai nauli mpaka tulipofika Mutindwa.

Sasa nifikie jambo lililonifanya niandike. Kila fomu niliyojaza katika miezi hiyo minane ilikuwa na sehemu ya mume. Kila mhudumu aliniuliza kama mume wangu amewahi kuzaa, nikajibu kwamba ana binti, naye akaipiga mstari sehemu ile na kuendelea na mimi. Nami niliona ni haki, wala sikuhoji. Ilikuwa mwezi wa tisa, kwa daktari wa tatu, mama wa makamo mwenye sauti ya ualimu, ndipo nilipoulizwa, “Mzee yuko wapi?” Nikasema yuko kazini. Akafunga faili langu na kuniambia kwamba hataongeza kipimo hata kimoja juu ya mwili wangu mpaka aone karatasi ya mume. Karatasi hiyo ilikuja ikionyesha mbegu milioni 5 kwa mililita moja, na zinazotikisika zilikuwa asilimia 20 tu. Kipimo chake kiligharimu chini ya robo ya nilicholipia picha ya mirija, na hakikumuuma popote isipokuwa kwenye heshima yake.

Ningependa kuwasikia waliopita njia hii wakiwa na umri kama wangu. Mliamuaje nini kitangulie, na mlizungumzaje na waume zenu?

Macho ya Hadubini

Pole sana dada, na asante kwa kueleza kwa utaratibu. Mimi ni mtu wa maabara, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuhesabu mbegu za kiume chini ya hadubini, kwa hiyo nitasema la upande wangu.

Viwango tunavyotumia hutoka katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, toleo la sita la mwaka 2021. Unataja mbegu milioni 16 kwa mililita, jumla ya milioni 39 katika shahawa yote, asilimia 42 ziwe zinatikisika, asilimia 30 ziwe zinasonga mbele, na asilimia 4 ziwe na umbo lililokamilika. Watu hushtuka wakisikia asilimia 4, lakini ndivyo ilivyo hata kwa wanaume wenye watoto. Tena eleweni jinsi mistari hiyo ilivyochorwa: waliopimwa ni wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya miezi 12, na mstari ukawekwa pale ambapo asilimia 5 yao walikuwa chini. Maana yake ni kwamba aliye chini ya mstari anaweza kuzaa, ila bahati yake ni ndogo na humchukua muda mrefu, na muda ndio usiokuwa nao dada yetu.

Naomba sana mzee asihukumiwe kwa karatasi moja. Je, shahawa ililetwa kutoka nyumbani? Tunataka itufikie ndani ya saa moja, ikiwa imewekwa karibu na mwili isipoe, na kutoka Buruburu asubuhi ya siku ya kazi kwa Barabara ya Jogoo ninyi wenyewe mnajua saa moja inaishia wapi. Isitolewe kwa sabuni, mate, mafuta, wala kondomu ya kawaida. Mtu ajizuie siku mbili hadi saba. Wapo wanaojizuia majuma matatu wakidhani wanakusanya nguvu, kumbe wanatuletea mbegu zilizokufa. Muulizeni pia kama aliugua homa katika miezi mitatu iliyopita, kwa maana mbegu moja huchukua takribani siku 74 kutengenezwa, na malaria ya mwezi wa kwanza huonekana kwenye kikombe cha mwezi wa tatu. Vijana wanaojidunga homoni ya kiume ili wajaze misuli nao wajue kwamba sindano hizo huziambia korodani ziache kazi.

Kuhusu binti wa kidato cha tatu: huyo ni ushahidi wa miaka 17 iliyopita. Hapa maabara tunapima ya juzi.

Mkazi wa Kayole

Nitasema nikiwa mwanamume niliyekataa kupimwa kwa miaka miwili. Mke wangu alizunguka peke yake hospitali nne huku mimi nikimpa nauli na kujiona mume mwema. Mama yangu mzazi alimpa majina ambayo sitayarudia hapa, nami nikanyamaza, kwa sababu kunyamaza kwangu kulinifunika. Sikuwa na hakika kwamba ni mzima. Nilikuwa na hofu kwamba si mzima, na mtu mwenye hofu hiyo husema “mimi sina tatizo” kwa sauti kubwa sana.

Siku nilipokwenda nilipewa kikombe na kuonyeshwa chumba chenye kiti kimoja cha plastiki na pazia fupi, na nje ya pazia watu wawili walikuwa wakijadili bei ya unga. Nilirudi nyumbani bila kutoa kitu. Wanaume wengi hufeli hapo na kuona haya kurudi, kwa hiyo wake zetu, tafadhali, ulizeni mapema kama mahali pana faragha. Ndugu Macho ya Hadubini anisamehe, lakini nanyi wa maabara mna sehemu yenu katika jambo hili.

Macho ya Hadubini

Ninakubali, kaka. Pazia ni fupi kweli.

Binti wa Machakos

Mimi nina miaka 37 na sijaolewa bado, nami nilipima AMH mwaka jana kwa udadisi tu. Nilipata 5.6. Nikisoma kwamba dada ana 0.8, ninajiuliza kama mimi nina muda wa kutosha na ninaweza kutulia. Dada, samahani kwa kuuliza la kwangu kwenye uzi wako.

Jirani wa Buruburu

Usiombe samahani, mdogo wangu, maana swali lako ni lile lililonitesa mimi mwenyewe. Rafiki yangu wa kazini alikuwa na 5.6 vilevile, na kwa majuma mawili nilikuwa siwezi kula naye chakula cha mchana bila wivu. Kisha tukaweka karatasi mbili pamoja. Yangu ilikuwa imepimwa kwa nanogramu katika mililita, yake kwa pikomoli katika lita. Ili kutoka kipimo cha kwanza kwenda cha pili huzidishwa kwa 7.14, na 0.8 ukiizidisha hivyo unapata 5.7. Tulikuwa sawasawa! Tazama herufi ndogo zilizoandikwa baada ya namba yako kabla hujafurahi au kulia. Na kama ulikuwa ukimeza vidonge vya kupanga uzazi wakati huo, mwambie daktari, kwa sababu huishusha namba hiyo.

La pili nililojifunza ni kwamba AMH hueleza zaidi ni mayai mangapi yataitikia iwapo utadungwa sindano za kuyakuza kwa pamoja. Haielezi ubora wa yai moja litakalopevuka mwezi huu. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti wa Marekani uliofuata wanawake wapatao 750 wa miaka 30 hadi 44 wasiokuwa na historia ya ugumba, na waliokuwa na AMH ya chini hawakuonekana kushika mimba kidogo kuliko wenzao katika miezi ya kujaribu nyumbani. Daktari wangu wa tatu ndiye aliyenieleza hayo, akaongeza kwa ukali wake kwamba nisitoke pale nikidhani umri wangu umefutwa: mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, yapata milioni moja hadi mbili, akibalehe hubakiwa na laki tatu au nne hivi, na yanayobaki huzeeka naye. Umri ndio unaoamua ubora, na hakuna damu inayopimwa popote hapa Nairobi itakayokuambia ubora huo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usitulie sana na usihangaike sana. Kama una nia ya kuzaa, zungumza na mtaalamu wa uzazi mwaka huu huu, si kwa ajili ya 5.6, kwa ajili ya 37.

Binti wa Machakos

Nimeangalia. Ni pikomoli. Asante, dada, ingawa nilikuwa nimefurahi kwa mwaka mzima.

Kuna jambo ambalo uzi huu umenikumbusha. Kwetu Ukambani kulikuwa na desturi ya iweto, ambapo mwanamke aliyekosa mtoto alimwoa mwanamke mwingine kwa mahari ili amzalie katika nyumba yake. Bibi yangu alikulia katika nyumba ya namna hiyo. Siku hizi ninaiona desturi ile kwa jicho jingine: iwapo tatizo lilikuwa la mume, watoto walipatikana vilevile kwa njia zilizojulikana na kunyamaziwa, na jina la mzee likabaki safi. Wazee walijua vizuri kwamba si mke peke yake, ila hawakutaka kumpima mtu.

Mkunga Mstaafu

Wanangu, nimefanya kazi wodi za uzazi za jiji hili kwa zaidi ya miaka thelathini, na ningependa kurudi kwenye mirija, ambayo mmeiruka haraka.

Kwanza, mwanangu wa Buruburu, mrija unaoonekana umeziba mdomoni tu, karibu kabisa na kizazi, mara nyingine haujaziba. Misuli ya pale hujikaza kwa maumivu na hofu wakati rangi inapopitishwa, na picha ikatoka kana kwamba kuna ukuta. Ndiyo maana madaktari waangalifu huomba kipimo kirudiwe au kifanywe kwa njia nyingine kabla ya kumwandikia mtu kwamba ana mrija mmoja. Mrija ulioziba mwishoni na kujaa maji ni habari tofauti kabisa. Maji yale hurudi kwenye kizazi na kupunguza nafasi ya mimba hata kwa anayepandikiziwa mimba iliyotungwa maabara, kwa hiyo mara nyingi hushauriwa mrija uondolewe au ufungwe kwanza.

Pili, nitasema jambo ambalo halisemwi mbele ya waume. Katika nchi zetu mirija huharibiwa zaidi na maambukizi: klamidia na kisonono ambavyo huweza kukaa mwilini bila dalili, maambukizi baada ya kujifungua, maambukizi baada ya mimba iliyotolewa mahali pasipo salama, na mara chache kifua kikuu kilichoshuka hadi kwenye nyonga. Nimewaona wanawake wa miaka 40 wakiulizwa, mume akiwa ameketi kando, kama wamewahi kushika mimba, nao wakajibu “hapana” wakitazama sakafu. Daktari akaandika hapana. Kuanzia hapo kila anachokitafuta anakitafuta mahali pasipo. Mna haki ya kuomba kuulizwa mkiwa peke yenu, na muuguzi mzuri atapata kisingizio cha kumtoa mzee nje, hata kama ni kumtuma akalipie risiti. Mimi nilikuwa nikiwatuma.

Tatu ni fibroidi, yaani uvimbe unaoota kwenye kizazi, kwa sababu najua mtauliza. Wengi wetu tunazo na tunazaa nazo. Inayojitokeza ndani ya uwazi wa kizazi ndiyo inayosumbua mimba zaidi. Iliyoning’inia nje inaweza kuwa kubwa kama chungwa isimzuie mtu chochote. Kwa hiyo usikubali upasuaji kwa kuambiwa ukubwa tu, uliza iko wapi.

Mpita Njia wa Gikomba

Heshima kwenu wote, lakini naona mnatumia pesa nyingi kuchunguza kazi ya Mungu. Shangazi yangu alikunywa mizizi fulani kutoka Kitui akazaa akiwa na miaka 44, na hakuwahi kuona mlango wa maabara. Kwa nini dada asijaribu hiyo kwanza kwa mwaka mmoja?

Jirani wa Buruburu

Kaka, ninamfurahia shangazi yako kwa moyo mweupe, na wapo wanawake wanaozaa wakiwa na miaka 44 bila mizizi wala maabara. Maombi pia ninayo, sikuyaacha. Ninachokataa ni hayo maneno mawili ya mwisho ulivyoyatamka kwa wepesi. Mwaka mmoja wa mwanaume wa miaka 30 na mwaka mmoja wangu havilingani uzito. Tena mizizi hiyo ningeinywa mimi, na mbegu zile milioni 5 zingebaki milioni 5. Hata katika dawa za asili, naona, anayetafutiwa dawa ni mke.

Aliyetoka Lang’ata

Nimesoma kimya tangu juzi. Mimi nilishika mimba nikiwa na miaka 42, bila msaada wowote, baada ya miaka mitatu ya vipimo vilivyosema kila kitu ni sawa. Iliharibika wiki ya tisa. Ninaandika kwa sababu mnazungumza juu ya kushika mimba kana kwamba safari inaishia hapo, na hakuna daktari aliyeniandaa kwa sehemu ya pili.

Baadaye nilielezwa kwamba mayai yanavyozeeka ndivyo yanavyokosea kugawanya kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi, na kwamba mimba nyingi zinazoharibika mapema huwa na hitilafu hiyo tangu siku ya kwanza. Utafiti mkubwa wa Norwe uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mimba huharibika kwa takribani asilimia 10 kwa wanawake wanaokaribia miaka 30, na kwa asilimia 53 kwa waliofika 45 au zaidi. Uwezekano wa mtoto kuzaliwa na hali ya Down, inayotokana na kromosomu moja ya ziada, nao hupanda, kutoka takribani mmoja kati ya 350 kwa mama wa miaka 35 hadi mmoja kati ya 100 kwa mama wa miaka 40. Ningeyajua hayo mapema nisingejilaumu kwa miezi sita kwa sababu ya ndoo ya maji niliyoibeba siku ambayo mfereji ulikauka. Mama mkwe wangu bado anaamini ilikuwa ile ndoo.

Sikupata mimba nyingine. Ninaendelea vizuri, na sijaja kuomba ushauri. Nilitaka tu dada ajue kwamba akifika huko, kisha ikaharibika, hakuna alichobeba.

Mkunga Mstaafu

Pole, mwanangu. Haikuwa ndoo.

Jirani wa Buruburu

Dada wa Lang’ata, nimesoma maneno yako mara nne. Asante.

Niwape taarifa, kwa kuwa wengi mmeniandikia kwa faragha mkiuliza. Ilikuwa kweli kwamba kikombe cha kwanza kilisafiri kutoka nyumbani na kukaa kwenye msongamano wa magari kwa dakika tisini. Ilikuwa kweli pia kwamba mume wangu alikuwa ameugua malaria mwezi mmoja kabla, aliporudi kutoka Busia kwenye mazishi. Tulisubiri wiki kumi na moja, tukatafuta maabara yenye chumba chenye mlango, na safari hii alipata milioni 9, zinazotikisika asilimia 27. Imepanda, lakini bado iko chini ya mstari. Daktari alimpapasa, akaagiza skani, ikaonekana mishipa iliyovimba upande wa kushoto juu ya korodani, ile wanayoiita varikosili. Huenda amekuwa nayo tangu ujana na ikaongezeka polepole, jambo linaloeleza binti wa kidato cha tatu na linaloeleza mimi.

Tulikalishwa chini tukapewa njia mbili. Ya kwanza ni kumfanyia upasuaji mdogo kisha kungoja miezi mitatu hadi sita tuone kama mbegu zitaongezeka. Ya pili ni IVF, yaani kurutubisha yai nje ya mwili, yenye kuingiza mbegu moja ndani ya yai moja kwa sindano nyembamba, mbinu iliyoanza kuzaa watoto mwaka 1992 kule Brussels na iliyoundwa hasa kwa wanaume wenye mbegu chache. IVF yenyewe si ngeni hapa, watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa Nairobi mwaka 2006, lakini gharama niliyotajiwa ni zaidi ya nusu milioni, dawa zikiwa nje ya hesabu hiyo, na bima yangu ya kazini imeiweka kwenye ukurasa wa mambo isiyolipia. Tena daktari hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: alisema kwa mayai yangu mwenyewe, kwa umri huu, jaribio moja lina uwezekano mkubwa wa kushindwa kuliko kufaulu, na kila mwaka unaoongezeka huipunguza nafasi hiyo kwa kasi. Yai la kuchangiwa lingeinua nafasi kwa kuwa linahesabiwa kwa umri wa aliyelitoa. Hakulikataa, wala hakulitanguliza kama yule wa kwanza.

Tumeamua kujaribu mara moja kwa mayai yangu, bila kungojea upasuaji. Mkopo wa sacco umekubaliwa, na wadhamini wangu wawili wanadhani tunanunua kiwanja Kangundo Road. Mrija wa kushoto umerudiwa kupimwa, na rangi ilipita.

Mkazi wa Kayole, uliniuliza faraghani nilimwambiaje mume wangu. Sikumwambia kitu. Nilimpa faili langu lote la miezi minane, kurasa arobaini na tatu, nikaenda kuosha vyombo. Alisoma mpaka chakula kikapoa, kisha akaniuliza maana ya neno moja tu, lile lililopigwa mstari katika kila fomu, na hilo neno lilikuwa jina lake.

Hedhi yangu inatarajiwa wiki ijayo, na sindano zitaanza siku ya pili. Ameiandika tarehe kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu. Amekosea kwa siku mbili, nami nimeisahihisha kwa penseli pembeni bila kumwambia.